Mlingoti Uliosimamishwa Wima

Mate yalikuwa hayajakauka kwenye blauzi ya Annick alipoingizwa chumba cha mahojiano. Yalikuwa begani, upande wa kushoto, na mwenyewe hakuyafuta. Inspekta Mukunde alimsukumia karatasi laini, Annick akaiacha pale mezani kama haioni. Haya, shauri yake. Mukunde akavuta kiti, akakaa.

Aliyemtemea ni mama mmoja wa bonde la Gatamazi, mkuu wa mudugudu, yaani wa mtaa wao, jina lake Générose. Mafuriko ya Aprili yalibeba nyumba za bonde lile pamoja na watu waliokuwa ndani, na mmoja wa hao alikuwa Christella, binti yake. Tangu siku ile mama huyo hakosi mlangoni pa kituo. Asubuhi huja na wenzake, hukaa kwenye ngazi bila neno, na Annick akipitishwa husimama wote. Leo ukimya ulimshinda.

Na nani amlaumu? Januari watu wa Gatamazi waliitwa kuangalia ramani iliyobandikwa ukutani mwa ofisi, yenye mstari mwekundu. Aliye chini ya mstari, maji yatamfika, afungashe vyombo ahamie nyumba za ghorofa za Busanza. Aliye juu ya mstari, alale usingizi. Wakalala. Aprili maji yakaupita mstari kana kwamba hakuna aliyewahi kuuchora, yakawakuta wamelala vile vile. Na aliyeuchora ni Annick.

"Kesho unapelekwa kwa mwendesha mashtaka," Mukunde alianza. "Kamanda wangu keshaamua: uliupindisha mstari ili Salvator asivunjiwe nyumba zake za kupangisha. Salvator ni baba yako wa ubatizo, mmetoka mtaa mmoja, Buyenzi ya Bujumbura, na mwezi ule wa ramani simu zenu zilikuwa hazipumziki. Mimi sijaandika kitu bado. Nieleze mstari unachorwaje, na unieleze kama mtu asiyejua."

Annick alikuwa mtaalamu wa maji, msichana mwembamba mwenye macho ya mtu aliyesahau usingizi ni kitu gani, na Kiswahili chake kilikuwa cha Bujumbura, cha haraka. Akasema mstari hauchorwi kwa mkono, unachorwa na modeli. Modeli ni hesabu ndani ya kompyuta. Unaipa mvua, unaipa mteremko wa vilima, unaipa udongo, unaipa mabati ya watu ambayo hayanywi maji hata tone. Unaiambia pia kwamba tabianchi inabadilika, kwamba mvua za miaka ijayo zitashuka kwa hasira na kwa muda mfupi. Halafu yenyewe inakujibu: maji yatapanda mpaka hapa.

"Ila haizaliwi na akili, afande. Inafundishwa. Unaiambia, mvua ya siku ile ilileta maji haya, mvua ya siku hii ilileta yale. Ikishajua tabia ya bonde, ndiyo unaiuliza ya kesho."

Mwalimu wa modeli hiyo, akaeleza, ni mlingoti mmoja wa chuma uliosimikwa katikati ya mtaro mkubwa wa Gatamazi. Chini yake, ndani ya maji, kumefungwa chombo kidogo kinachopima kina na kutuma namba moja kwa moja hadi ofisini Kacyiru, bila mkono wa mtu.

Mukunde akamuuliza kama mwalimu huyo aliwahi kusema uongo.

Annick akasema kulikuwa na kitu kilichomkera. Tangu Juni ya mwaka jana namba zilishuka, na hazikushuka kama mto unavyokauka, kidogo kidogo. Zilianguka kama mtu aliyekosa ngazi, zikabaki huko huko chini, hata mvua za Septemba zilipokuja. Alimweleza bosi wake, Arthur, mkuu wa mradi. Arthur akamwambia ndiyo mabadiliko ya tabianchi yenyewe hayo, vijito vinapungua, usome ripoti za dunia nzima. Na kwamba yeye Arthur alikwenda Gatamazi mwishoni mwa Mei, kama mkataba unavyomtaka, akaukagua mlingoti kwa macho yake. Haukuwa na tatizo.

"Bosi akisema ameuona, mimi ni nani?"

"Wewe ulikwenda kuutazama?"

"Sikwenda."

Kutoka Kacyiru hadi Gatamazi ni safari ya pikipiki ambayo hata chai haipoi. Mukunde hakulisema hilo. Msichana alikuwa amekwisha kulisema mwenyewe, lilikuwa usoni. Ndipo Annick akaichukua ile karatasi laini, akaikunja vizuri, akaiweka mfukoni. Bega akaliacha lilivyo.

Kamanda alikuwa anamsubiri Mukunde kwenye korido. Alitaka jina liandikwe, akalitaka kabla ya jioni, maana wakubwa wanapiga simu na akina mama wako kwenye ngazi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mukunde akamjibu kwamba jina lipo, lakini kwanza lazima alitikise aone kama litasimama, akatoka kwa mlango wa nyuma. Alikuwa askari wa miaka mingi, mzaliwa wa Karagwe upande wa Tanzania, na alichojifunza katika miaka hiyo ni kwamba kesi inayopendwa na kila mtu ndiyo ya kuiogopa.

Akaanza na sababu. Hesabu ya mstari asingeiweza, lakini sababu ni kitu cha watu, na watu anawaweza. Ikiwa Annick alimwokoa Salvator, basi Salvator alitaka kuokolewa. Akaenda Kimironko.

Salvator alikuwa na kibanda cha vitenge ndani ya soko, safu ya mafundi cherehani, na alimpokea kwa heshima kubwa ya mtu anayejua kwa nini amefuatwa. Alikuwa amevaa kitambaa cheusi mkononi. Wapangaji wake walikuwa mume na mke na watoto, na hakuna aliyebaki. Mukunde akamuuliza zile simu zilikuwa za nini. Mzee akakunja kitenge alichokuwa anakipima, akakikunjua, akakikunja tena.

"Nilikuwa ninamuomba aniingize ndani ya mstari, afande. Kuniingiza, si kunitoa. Zile nyumba zilikuwa zimepasuka, hakuna mtu anakaa mwaka mzima. Ukiwa chini ya mstari, serikali inakupa makao Busanza, ukuta mzima, bati mpya. Mimi nilitaka Busanza."

"Yeye akasemaje?"

Salvator akatoa simu, akatafuta, akaigeuza ili Mukunde asikie. Ilikuwa sauti ya Annick, imerekodiwa, yenye uchovu na utani kidogo ndani yake. Ilisema: Parrain, usinitafute tena kwa jambo hili, modeli haipokei salamu za mtu. Nyumba zako ziko juu ya mstari, mshukuru Mungu. Ujumbe ulikuwa wa wiki ile ile ya ramani.

"Nilimkasirikia," Salvator akasema. "Nilisema huyu mtoto amekuwa mzungu. Sasa ninyi mnasema ni mwizi. Angekuwa mwizi, afande, wapangaji wangu wangekuwa Busanza, wangekuwa hai."

Mukunde akamwomba asiufute ujumbe ule, na kesho mapema aulete kituoni. Akaondoka sokoni na sababu imekufa mikononi mwake. Msichana hakupindisha mstari kwa ajili ya mtu. Basi mstari ulipindishwa na nini? Kama mwanafunzi ni mwaminifu na amekosa jibu, unamrudia mwalimu, na wa mwisho kusema amemwona ni Arthur.

Kacyiru, ofisi ya mradi ilikuwa ghorofa ya juu, yenye hewa baridi na zulia linalomeza hatua. Arthur alikuwa mtu wa kupendeza, aliyekulia Kampala, shati limepigwa pasi hata chini ya makwapa, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuazima ila alikitumia kwa moyo. Alimkaribisha Mukunde chai. Ukutani kulikuwa na skrini kubwa, na juu yake bonde la Gatamazi likijaa na kukauka, likijaa na kukauka, kwa rangi ya bluu inayopendeza. Maji yale yalikuwa hayana tope wala kelele. Hayakuwa na mtu ndani.

Alizungumza kwa urefu. Akasema tabianchi imegeuka adui asiyetabirika, akasema mataifa maskini ndiyo yanayolipia moshi wa matajiri, na hilo Mukunde hakuweza kulipinga, ni kweli tupu. Ila alivyolisema ilionekana amelisema mara nyingi mbele ya vipaza sauti. Mwisho akasema anasikitika kumhusu Annick, binti mwenye kipaji, lakini binadamu ni binadamu.

"Namba zilipoanguka Juni, hukuwa na shaka?" Mukunde aliuliza.

"Madam, shaka ya nini? Mlingoti niliuona mwenyewe. Ulikuwa pale pale tulipouweka. Sasa kama mlingoti haukusogea na namba zimeshuka, ni maji yameshuka. Ni logiki."

"Uliuona siku gani?"

"Nakumbuka vizuri. Ilikuwa Jumamosi, ile ya mwisho wa Mei, kwa sababu kesho yake nilipanda ndege kwenda Nairobi kwa mkutano. Nilienda asubuhi, kama saa mbili au saa tatu, kabla ya jua kali. Kulikuwa kimya sana. Mimi na maji tu."

Mukunde akaandika. Akauliza kama aliteremka mpaka ndani ya mtaro. Arthur akasema naam, akanyoosha kidole kwenye kona ya ofisi, ambako buti za mpira za kijani zilisimama zimeshikana miguu. Wakati wa kuaga Mukunde aliangusha kalamu karibu nazo, akainama kuiokota. Soli zilikuwa nyeusi tii na stika ya duka ilikuwa bado chini ya kisigino. Mtu anaweza kununua buti mpya, si dhambi. Akamshukuru kwa chai.

Jambo lilimjia kwenye ngazi, kati ya ghorofa mbili, akasimama. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, asubuhi, saa mbili au saa tatu. Lo! Nchi hii nzima, kuanzia mtoto anayetambaa, inajua Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda. Maduka yamefungwa, mabasi yamelala, barabarani askari anakuuliza unakwenda wapi wakati wenzako wameshika majembe. Mpaka saa tano watu wa kila mtaa wako nje kwa pamoja wanafyeka, wanazibua, wanachimba. Hakuna bonde lililo kimya asubuhi hiyo. Anayeweza kulisahau hilo ni mtu wa aina moja tu, yule anayeishi jumba la ghorofa ambalo mlinzi wa getini ndiye anayetoka na jembe kwa niaba ya wapangaji wote, wao wakivuta shuka. Miaka ikipita hivyo, siku yenyewe inatoka kichwani.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini Mukunde hakukimbilia kushangilia. Kujua kwamba mtu hakwenda si kujua alichokosa kukiona. Na mahakama haitaki kusikia habari za stika ya kiatu. Ilihitaji mtu aliyekuwa Gatamazi asubuhi ile, aliyesimama kwenye mtaro, na aliyejua kila aliyefika na kila asiyefika. Katika mudugudu mtu huyo ni mmoja, anayesimamia kazi. Mukunde akapanda pikipiki akitamani awe mwingine yeyote.

Alimkuta Générose amekwisha kurudi kutoka kituoni, ameinama mbele ya kilichobaki cha nyumba yake, anafagia. Ukuta mmoja tu ulikuwa umesimama, na juu yake tope lilikuwa limeacha mstari wa rangi ya kahawia, juu ya kichwa cha mtu. Chini ya mstari huo mama alikuwa amefagia mpaka ardhi imeng'aa. Alikuwa mwanamke mpana, wa kanisani, amejifunga kitenge kiunoni na kingine kichwani. Alimwona Mukunde, akaweka ufagio chini.

"Umekuja kwa sababu ya mate," akasema. "Andika, siogopi."

Mukunde akampa pole kwanza, kwa Kinyarwanda, ihangane Mama Christella, kisha akamwambia hakuja kwa sababu ya mate. Alitaka aonyeshwe mlingoti wa kupimia maji. Mama akamtazama kwa shaka, akatangulia.

Waliteremka kwa njia ya majani yaliyolalia upande mmoja. Mtaro wa Gatamazi ulikuwa mpana, umejengwa kwa mawe, na sasa maji yake yalikuwa haba, yanapita kwa adabu kama hayajawahi kumkosea mtu. Na mlingoti ulikuwepo. Ulikuwa umesimama kando, juu ya ngazi ya mawe ya ukingo, umenyooka wima kabisa, umepakwa rangi nyeupe na bluu, na shina lake limezungushiwa simenti safi kama nguzo ya bendera ya shule. Mafuriko yaliyobomoa nyumba za watu hayakuweza kuuinamisha.

Mukunde akauzunguka. Akakumbuka neno la Annick, katikati ya mtaro, na neno la Arthur, pale pale tulipouweka. Akavua viatu, akashuka ndani ya maji, akapapasa kwa miguu. Katikati, chini kabisa, mguu ukaingia kwenye shimo la mviringo lenye kingo za simenti kuukuu iliyovunjika. Akasimama humo akautazama mlingoti. Kile chombo kidogo kilichopaswa kuwa shimoni pale kilikuwa sawa na kiuno chake.

"Mama," akauliza bila kupaza sauti, "huu mlingoti ulikuwa hapa nilipo?"

"Yego, hapo hapo, zamani. Ulikuwa umelala, afande, mbaya sana, umeinama kama mlevi. Machupa, migomba, nguo za watu, uchafu yote inashika hapo, maji inarudi juu. Watu wakubwa walikuwa wanakuja kutazama usafi ya mitaa. Nikasema, hapana, hii aibu itoke. Tukaung'oa. Tukausimamisha hapo juu, uchafu isishike tena, tukaweka simenti. Vijana walichanganya vizuri, unaona? Haukutikisika."

"Ilikuwa lini?"

"Umuganda wa mwezi wa tano, mwaka ule uliopita. Na tulisifiwa. Kwenye mkutano, baada ya kazi, wale wakubwa walisimama wakasema mudugudu zingine zije Gatamazi zijifunze." Kwa mara ya kwanza uso wa mama ulilegea, ukawa uso wa mtu aliyekuwa na siku njema zamani. "Rangi ni ya Christella. Yeye ndiye alisema nyeupe na bluu. Aliushika usianguke mpaka simenti ikaanza kushika, mikono ikafa ganzi, tukamcheka."

Mukunde alibaki ndani ya maji. Vipande vilikuwa vinajipanga vyenyewe, na kila kimoja kilikuwa kibaya kuliko kilichotangulia. Chombo kimepandishwa, maji hayakubadilika. Maji ya kiunoni kinayasoma ni ya miguuni, ya kifuani kinayasoma ni ya magotini. Hakuna aliyetuma neno Kacyiru, kwa nini watume? Kwao ulikuwa ni mti wa chuma unaoshika takataka. Kule Kacyiru namba zikaanguka, na kwa kuwa dunia nzima inasema tabianchi imebadilika, wakasema ni tabianchi. Jambo likishapata jina kubwa hakuna anayeliendea kwa miguu. Modeli ikafundishwa uongo na mwalimu aliyesimamishwa wima. Mstari ukashuka. Watu wakabaki majumbani mwao.

Akauliza la mwisho alilolazimika kuuliza. Asubuhi ile, kulifika mtu kutoka Kacyiru kukagua mlingoti?

"Asubuhi ya umuganda? Nani apite?" Générose akastaajabu. "Mtaa wote tulikuwa ndani ya huu mtaro, hata wazee. Angekuja mtu na viatu safi tungempa jembe."

"Siku nyingine yoyote?"

"Toka waliposimika, hatujaona mtu. Ndiyo maana ulilala."

Mukunde akatoka majini, akasogea pembeni, akampigia Kamanda. Akasema Annick asipelekwe popote kesho. Akasema gari liende Kacyiru sasa hivi, limchukue Arthur kabla hajapata safari nyingine, kwa kusema amekagua kitu ambacho hakukikanyaga. Kama kweli angekuja Mei, au Juni baada ya kuambiwa namba zimeanguka, angeliona shimo kwa macho, na watu wangekuwa Busanza. Kamanda akalalamika kidogo, kama kawaida yake, kisha akauliza swali la haki. Ni nani shahidi kwamba mlingoti ulihamishwa asubuhi ile ile? Bila maelezo yaliyotiwa sahihi, ilikuwa ni neno la inspekta dhidi ya neno la mkuu wa mradi.

"Yupo," Mukunde akasema, akakata simu.

Aligeuka. Générose alikuwa amesimama kando ya mlingoti, mkono juu yake, kama mtu anavyomshika ng'ombe wake. Lakini uso ulikuwa umebadilika. Mama huyo hakuwa mjinga. Alikuwa amesikia upande mmoja wa simu, na miezi yote hii alikuwa amehudhuria kila mkutano wa kueleza ramani.

"Kwa nini unauliza habari ya huu mti?"

Angeweza kumwambia ni taratibu tu za kazi. Angemtaka atie sahihi, akaondoka, mama akaja kulisikia mahakamani, mbele ya watu, kwenye kinywa cha wakili. Mukunde alilifikiria hilo kwa muda mfupi na akajichukia. Akamweleza. Akatumia maneno machache, yale ya Annick, ya mwalimu na mwanafunzi, akamwonyesha kwa mkono: pale, na hapa.

Générose alisikiliza mpaka mwisho. Jicho lake lilikwenda shimoni, likapanda kwenye chombo, likaenda hadi kilimani kwenye ule ukuta mmoja na alama yake ya tope.

"Basi ni sisi," akasema.

"Hapana, mama. Kulikuwa na mtu ambaye kazi yake ni kuja kutazama. Analipwa kuja kutazama. Alisema amekuja, na hakuja. Huyo ndiye anayefuatwa na sheria."

"Huyo ni wako. Mimi ninauliza habari ya mikono hii." Akaitazama mikono yake. "Watu husema wema hauozi."

Mukunde akatoa kalamu. Bila kalamu ile Annick angelala mahabusu mwaka mzima kwa kosa la kumwamini bosi wake.

Ndipo mama akaukamata mlingoti kwa mikono miwili. Akausukuma, akauvuta, akaukumbatia, akauegemea kwa uzito wake wote, huku pumzi inamtoka kwa nguvu na kitenge cha kichwani kinamdondoka. Haukutikisika. Ilikuwa simenti nzuri, vijana walikuwa wameichanganya vizuri. Mukunde akajikuta anasema kile ambacho kazi yake ilimlazimisha kusema, na katika miaka yake yote ya uaskari hakuwahi kutamka neno lililomkaa vibaya mdomoni kama lile.

"Mama Christella, usiung'oe. Ni ushahidi."

Mikono ya Générose ikalegea. Alibaki ameshikilia, paji la uso juu ya chuma, juu ya rangi ya bluu ya mwanawe. Alipojiondoa, aliona ameacha tope la viganja vyake kwenye sehemu nyeupe. Akachukua kitenge kilichoanguka, akakichovya mtaroni, akapangusa mlingoti mpaka ukawa safi, kwa mazoea, kama mtu asiyejua anafanya nini.

"Yule msichana bado ana mate yangu?" akauliza.

"Hakuyafuta."

Mama akaitikia kwa kichwa. Akakaa juu ya jiwe la ukingo, akavuta kitenge kilicholowa akakiweka magotini.

"Andika," akasema. "Andika ni mimi niliyesema usimamishwe. Aliyeushika usimtaje."

Mukunde akakaa kando yake, akafungua kalamu, na akaandika yote, isipokuwa jina la aliyeushika.